Nondo ya Tatu

Ukimkaribisha Fundi nyumbani kwako, kabla hajaketi alikuwa ameshaigonga sufuria yako. Alikuwa na nyundo ndogo ambayo aliibeba mfukoni hata kanisani, mpini wake umekuwa mweusi kwa jasho. Aligonga, akainamisha kichwa, akasikiliza, na ndipo akaitikia salamu. "Marahaba. Sufuria hii usiwapikie wageni." Siku mdogo wangu alipoposwa, Fundi aliyagonga majembe ya mahari mbele ya wakwe, akalikataa moja, na nusura uchumba uvunjike kwa ajili ya jembe.

Sisi wa ufukweni tulimcheka sana. Alikuwa mtu wa milimani, wa upande wa Mbinga, aliyeletwa na misheni yetu kutengeneza chochote kilichoharibika, na miaka yote aliyokaa kwetu kando ya Ziwa Nyasa hakujifunza kuogelea. Alikuja ziwani kuoga maji ya magotini, ameshika nguo zake mkononi kana kwamba kuna atakayeziiba. Watu wazima tulimwita Fundi kwa heshima, na watoto waliozaliwa wakati ule walidhani ndilo jina alilobatizwa.

Kazi yake kubwa, ukimsikiliza mwenyewe, haikuwa kutengeneza bali kujua kitu kitakufa lini. Baiskeli ya katekista aliihukumu kwamba haitamaliza mwaka. Katekista akaipanda kwenda Lipingo na kurudi kwa miaka, na kila alipopita mbele ya karakana alipiga kengele kwa makusudi. Fundi hakuinua hata kichwa. Ibadani alikaa karibu na mlango, kwa sababu hakuwa na imani na chuma kilichoshikilia kengele ya kanisa, na Padri alikwisha choka kumwita mbele.

Mganga hajigangi. Jembe lake mwenyewe lilikuwa limefungwa waya, kamba za kitanda chake zilikuwa zimelegea mpaka karibu na sakafu, na alipokwenda kununua samaki alipanda mtumbwi wenye ufa uliozibwa kwa tambara, yeye asiyejua kuogelea. Nilipomuuliza kwa nini haogopi, alinijibu kwamba mti ukiwa na ufa unauona, mti hauna hila. Chuma ndicho kinachokuchekea usoni huku kimeoza rohoni.

Lakini nisimfanye mtu wa kuchekesha tu. Fundi ndiye aliyetujengea tanuri la usipa, na asiyejua masika ya kwetu hawezi kuelewa maana yake. Usipa ni wale samaki wadogo wa ziwa letu, wembamba kama majani. Kiangazi unawaanika juu ya mchanga asubuhi, jioni wamekauka. Masika yakija jua linajificha, na ni kipindi hicho hicho usipa wanajaa nyavuni. Zamani tulikuwa tunawavua tukiwa na furaha, kisha tunawatazama wakioza. Mwanamke wa ufukweni bila usipa mkavu hana cha kuwapelekea watu wa milimani, na bila mahindi na maharage ya milimani anabaki na muhogo na chumvi.

Basi Fundi na Padri wakapata vyuma vya meli kuukuu iliyokufa kwenye miamba, zamani za Mjerumani. Wakajenga chumba cha matofali, chini yake moto, na juu ya moto wakatundika jukwaa zito la chuma. Jukwaa lilishikiliwa na nondo mbili nene zilizoshuka kutoka juu na kupita pembeni mwa moto wenyewe. Wanawake tulipakia usipa juu ya jukwaa asubuhi, tukapakua wakiwa wakavu, tukapakia tena. Nondo ziliiva zikawa nyekundu upande wa chini. Masika ya kwanza ya tanuri lile nilipandisha mzigo Mbinga nikiwa na mimba ya Hilda, na nilirudi na mahindi ya kutosha mpaka nikacheka peke yangu njiani.

Fundi alisimama mlangoni mwa tanuri kama askari. Mtu akitupa mzigo kwa kishindo juu ya jukwaa, alifoka. Mimi alinipa jina la Mkono Mzito siku ya kwanza tu, na jina likanikaa. Alisema nondo ina adui wawili. Mmoja ni yule anayeikunja na kuinyoosha, kupakia na kupakua, moto na baridi, kama waya unaoukunja mara nyingi mpaka ukatike mkononi. Wa pili ni mvivu zaidi na ndiye mbaya zaidi: ni uzito unaoning'inia kimya juu ya chuma chenye joto. Chuma cha moto, alisema, kinajinyoosha polepole kama kamba za kitanda. Kamba mpya hulegea upesi siku za mwanzo, kisha hutulia, unalala miaka huoni tofauti. Halafu siku moja unaona zinashuka haraka haraka, na hapo ujue zimebakiza usingizi mchache. Na adui hao wawili wanakula muhindi mmoja, kila mmoja kwa upande wake. Usimhesabu mmoja ukamsahau mwenzake.

"Sasa utajuaje muhindi umebaki nusu?" nikamuuliza, maana mimi sikuwa na haya ya kuuliza.

Akasema hiyo ndiyo kazi aliyoombwa na Mungu kuifanya, na kwamba Mungu hakumwachia maelezo.

Kulikuwa na sababu ya yeye kuwa hivyo, na hakuwahi kuisema, tuliambiwa na wengine. Kabla ya tanuri, pale gatini, alikuwa anakagua ndoano ya kushushia mizigo kutoka kwenye meli. Asubuhi moja aliigonga, ikaimba vizuri, akaipitisha. Kabla ya chakula cha mchana ilikatika, na magunia ya chumvi yakamwangukia mpagazi, baba wa watoto. Fundi alimsindikiza kaburini. Tangu hapo, kila mavuno ya mahindi yake yalianzia kwa mjane yule kabla hayajafika kwake, na mkewe mwenyewe hakuthubutu kuuliza. Akaendelea kugonga vyuma kwa mazoea, lakini sikio lake hakuliamini tena. Alitaka kitu cha kupima.

Ndipo ulipokuja ule mwanzi. Walipokuwa wanajenga tanuri alipanda kwao milimani akakata mwanzi mbichi, ulionyooka, akarudi nao begani. Nondo zilikuwa tatu, mbili za kutundika na moja ya akiba. Kwenye kila moja alitoboa alama mbili ndogo kwa msumari mgumu, moja juu na moja chini, akaukata mwanzi ukae sawasawa kati ya alama hizo. Zile mbili zikatundikwa. Ya tatu akaiweka karakanani. Kila Jumamosi tanuri lilipopoa, alipanda ngazi na kuusimamisha mwanzi kwenye alama ya chini, kisha akatazama ncha yake ya juu inafika wapi. Kama chuma kimejinyoosha, mwanzi unapungukiwa.

Masika ya kwanza mwanzi ulipungukiwa kidogo sana, unene wa ukucha wa mtoto. Fundi alifurahi kama mtu aliyepata barua ya kwao. Alisema hiyo ndiyo kamba mpya ya kitanda, sasa itatulia. Kiangazi kikapita. Siku moja akaona unga unga mweupe kwenye mwanzi, dalili kwamba wadudu wameanza kuubungua. Basi akauhamishia nyumbani kwake, akaulaza darini juu ya moto, pamoja na mbegu za mahindi, mahali ambapo moshi huhifadhi kila kitu cha thamani. Hata sisi tulimsifu. Nani asingefanya vile? Mbegu zangu mimi zililala wapi?

Masika ya pili nafasi kati ya ncha ya mwanzi na alama ilikua. Jumamosi moja ukucha wa mtoto, inayofuata ukucha wa mtu mzima, halafu zaidi. Fundi akaacha utani. Aliacha hata kuniita Mkono Mzito. Alikuwa anapanda ngazi, anapima, anashuka, anapanda tena. Jumamosi ya mwisho nilikuwepo, ninafagia magamba. Alipima nondo zote mbili, kisha akatoa nyundo akazigonga moja baada ya nyingine, akasikiliza kwa muda mrefu mno, kichwa kimeinama, mkono umeshika ukuta. Mimi nisiye fundi nilizisikia zikilia vizuri, sauti moja safi. Akairudisha nyundo mfukoni, akaenda kumwita Padri.

Padri alikuwa Mwingereza mpole aliyempenda Fundi. Alisimama mlangoni mwa tanuri, nyuma yake mvua, na mbele yake wanawake wote na vikapu vyao vya usipa wabichi, kwa maana wiki ile ziwa lilikuwa limetema.

"Una hakika?" akamuuliza.

"Padri, nina mwanzi."

"Huwezi kutundika ile ya akiba?"

Fundi akasema nondo moja mpya na moja iliyochoka hazivuti pamoja, mpya itabeba kidogo na ya zamani itabeba kifo. Nondo nyingine ya unene ule haikuwepo mpaka iagizwe, na kuagiza ni mpaka mvua ziishe. Kisha akatugeukia sisi. Alisema jukwaa likianguka, litaanguka kuna mama chini yake, na yeye hamziki mtu mwingine. Hakupaza sauti. Hakuna aliyembishia, kwa sababu wote tuliikumbuka ile ndoano.

Tanuri likafungwa. Kesho yake, ili asiwepo mwenye tamaa ya kuliwasha, alichukua msumeno wa chuma akazikata nondo zile mbili vipande vipande mwenyewe. Ilimchukua siku nzima.

Usipa walioza. Siwezi kusema kwa maneno mazuri. Tuliwatandaza kwenye mikeka ndani ya nyumba, tukalala nao, wakaota funza. Tuliwafukia kwenye mashamba ya muhogo, na harufu ilikaa kijijini mpaka mbwa wakachoka. Watu wa milimani hawakuwa na sababu ya kutupatia mahindi. Mume wangu alikuwa mvuvi hodari, na mvuvi hodari ndiye aliyeumia kuliko wote, maana alileta wengi na wote wakatupwa. Jioni moja aliukunja wavu akautundika, akasema hawezi kuvulia funza. Lori la wakala wa mkonge lilikuwa linapita Kitai kuchukua manamba wa kupeleka Tanga. Alikwenda na vijana wengine wa kwetu, akasema atarudi baada ya mkataba mmoja. Wenzake wawili walirudi. Waliniambia kwa adabu, macho yakitazama chini, kwamba Baba Hilda ni mzima na ana nyumba huko. Nikawaelewa.

Nilimlaumu Fundi. Nililia kwa ajili ya mume wangu usiku, na mchana nilimchukia Fundi, kwa kuwa yeye alikuwa karibu. Si mimi peke yangu. Watu waliacha kumletea sufuria. Waliendelea kumwamkia, hakuna aliyemkosea heshima, lakini waliamkia huku wanatembea. Tanuri halikujengwa tena, Padri alihamishwa, na mwaka uliofuata Fundi akafunga mizigo yake akarudi milimani. Alipewa ile nondo ya tatu kama zawadi ya kuagia, kwa kuwa hakuna aliyejua la kuifanyia. Nilimwona akipita nayo begani, na mwanzi wake mkononi. Sikutoka nje.

Ilipita miaka. Hilda alikuwa ameanza kunifikia bega, na watu walikuwa wanazungumzia Uhuru kama mgeni aliyekwisha onekana njiani. Nilikuwa nimepandisha usipa wa kiangazi Mbinga, nimeuza vizuri, na pale sokoni mwanamke mmoja akaniambia Fundi ni mgonjwa na macho hayaoni, na kila akisikia kuna mtu wa ziwani anaomba apelekwe kwake. Nilikwenda. Sitaki kusema nilikwenda kwa huruma. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyapanga kwa miaka yote ile, na niliona ni vizuri yamfikie akiwa hai.

Mkewe alinipokea uani. Nilitua kikapu changu chini kwa kishindo, na kutoka ndani, kabla sijasema neno, nikasikia sauti yake.

"Mkono Mzito."

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Alikuwa amekaa juu ya kitanda, na kitanda kile kilikuwa bado kimelegea. Aliniuliza habari za ufukweni, mtu mmoja mmoja, nani yupo, nani ametangulia. Mjane wa yule mpagazi. Katekista na baiskeli. Nikamwambia baiskeli bado inatembea, akatabasamu kidogo. Kisha akauliza, "Baba Hilda amerudi?"

"Hajarudi."

"Atarudi?"

"Hapana, Fundi. Hatarudi."

Akatikisa kichwa. Akamwomba mkewe atoe vile vitu. Mama yule akainama akavuta nondo kutoka uvunguni, akashusha mwanzi kutoka darini, akaviweka mbele yangu bila kunitazama. Nikajua nilikuwa si wa kwanza kupimishwa.

"Pima," akasema Fundi.

Nikauweka mwanzi kwenye alama ya kwanza. Ncha ya pili haikufika. Ilipungukiwa upana wa kidole, kabisa kama nilivyoona Jumamosi ile ya mwisho kutoka chini ya ngazi.

"Imejinyoosha," nikasema. "Kama zile zingine."

"Hiyo ni ya tatu, Mama Hilda. Hiyo haijawahi kuonja moto."

Sikuelewa mara moja. Nilitazama nondo, ilikuwa nyeusi na nzima, haina hata doa la kuiva. Nikatazama juu, moshi ulikuwa unapita taratibu kwenye nguzo za dari, pale mwanzi ulipotoka. Nikauweka mwanzi chini.

"Nani amewahi kuona chuma kinarefuka uvunguni?" akasema. "Mwanzi ndio uliofupika. Niliukata mbichi, nikaulaza kwenye moshi ili usibunguliwe. Nilikuwa nautunza."

Maneno yangu yote niliyoyabeba kutoka ziwani hayakutoka. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi. Mwishowe nikamuuliza kitu kimoja tu ambacho nilitaka kukijua.

"Kwa hiyo zile nondo zilikuwa nzima?"

Nje mkewe alikuwa anachambua maharage, nikasikia yakidondoka kwenye ungo.

"Sijui," akasema Fundi. "Nilizikata. Huenda zilikuwa zimebakiza masika mengi. Huenda zingekatika Jumatatu. Nilichopima ni mwanzi, si chuma, na chuma nilichokiua hakiwezi kuniambia. Siku ile nilizigonga, Mama Hilda, na zililia vizuri. Nilisikia. Lakini hata ile ndoano ililia vizuri."

Machozi yalimtoka kwenye yale macho yasiyoona, na hakujifuta. Nami nililia. Nilimlilia mume wangu, nikamlilia na yeye, na nikalia kwa sababu hata kama tanuri lingewaka masika yale, sikuwa na uhakika kwamba mume wangu asingepanda lile lori mwaka mwingine. Alikuwa ameshaanza kuulizia habari za Tanga kabla usipa hawajaoza. Hilo sikumwambia Fundi, ingawa lingempunguzia mzigo. Nilifikiri nitamwambia safari nyingine.

Nilipoaga, alisema nichukue ile nondo. Nikakataa, akasisitiza. Alitaka niilaze jikoni kwangu masika, juu ya mawe mawili, moto chini, niikaushie usipa kidogo kwa kidogo. Hakutaka nipime chochote.

"Ikikatika," akasema, "uje uniambie imechukua muda gani. Hilo tu."

Niliteremka nayo kichwani mpaka ziwani, juu ya mahindi yangu, ikinipiga shingo kila nilipokanyaga vibaya. Fundi hakuyaona masika yaliyofuata. Habari zilinifikia kwa watu wa sokoni, baada ya arobaini yake kupita, na safari ile niliyoipanga ya kwenda kumwambia habari za mume wangu ikawa haina maana.

Nondo ninayo. Kila masika ninailaza juu ya mawe, ninawasha moto, ninatandaza usipa kwenye wavu wa waya juu yake, wachache wachache, wa kula na wa kuuza kidogo. Hilda, mwenye watoto wake sasa, huniambia niitupe ninunue kitu cha kisasa. Imepinda katikati, naiona. Mwanzoni ilipinda upesi, kisha ikatulia, na imetulia miaka mingi. Haijakatika bado, na itakapokatika sina tena wa kumpelekea habari.